Je, ni baridi iliyomuua Henry Worsley?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na mdogo wangu wa kiume huongoza watalii Mlima Kilimanjaro. Amesoma habari za Mwingereza Henry Worsley, aliyetembea peke yake Antaktika kwa siku zipatazo sabini kisha akafariki mwaka 2016 akiwa amebakiza kipande kidogo tu cha safari, na tangu hapo hazungumzi jingine ila kwenda Ncha ya Kusini. Kwa nini mtu mwenye simu ya setilaiti, ambaye ndege ilimfuata na kumfikisha hospitali, afe? Je, ni baridi? Nimesoma pia kwamba alikuwa akila chakula kinachonitosha mimi kwa siku mbili, lakini alikonda kama mgonjwa. Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba mdogo wangu humsifu kwa kuvumilia maumivu. Yeye mwenyewe mwaka huu aliumwa tumbo mlimani kwa siku mbili, akameza vidonge vya kutuliza maumivu na kuendelea na wageni hadi kileleni. Nimwambie nini?"

Marahaba, mwalimu. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa katika furushi moja: moja linamhusu marehemu aliyefia Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile, na jingine linamhusu kijana aliye hai ambaye tumbo lake limekwisha kutoa taarifa. Mimi ni daktari wa upasuaji, na kwa miaka mingi nimefuatilia kwa karibu yale yanayoupata mwili wa binadamu katika safari za barafu. Nitaanza na marehemu, kisha nitamrudia mdogo wako, kwa kuwa jibu la swali la kwanza ndilo litakalokupa maneno ya kumwambia.

Worsley hakuwa mtu wa kubahatisha. Alizaliwa mwaka 1960, akalitumikia jeshi la Uingereza kwa zaidi ya miaka thelathini, likiwamo kundi lake la makomando, na kustaafu akiwa luteni kanali. Tangu ujana alivutiwa mno na Ernest Shackleton, mvumbuzi wa mwanzoni mwa karne ya ishirini, na tena alikuwa na udugu wa mbali na Frank Worsley, nahodha wa meli ya Shackleton iliyoitwa Endurance. Katika msimu wa 2008 na 2009 aliongoza safari ya watu watatu, wote wenye uhusiano wa kifamilia na Shackleton au na watu wake, wakafuata njia aliyopita Shackleton karne moja kabla, na wakafika mahali Shackleton alipogeukia siku ileile ya tarehe 9 Januari, miaka 100 kamili baadaye. Wao waliendelea hadi Ncha. Miaka mitatu baadaye alikwenda tena hadi Ncha, safari hii kwa njia ya Mnorwe Roald Amundsen. Kwa hiyo alipoondoka peke yake tarehe 13 Novemba 2015, akivuta sleji, yaani chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, yenye mzigo wa karibu kilo 150, alikuwa miongoni mwa watu walioijua Antaktika kwa miguu yao kuliko karibu mtu yeyote aliye hai wakati huo.

Alitaka kulivuka bara zima bila mwenzi, bila mbwa, bila tanga la kukamata upepo, na bila kuletewa chakula njiani. Safari hiyo pia ilichangisha fedha kwa ajili ya askari waliojeruhiwa vitani. Tarehe 2 Januari 2016 alifika Ncha ya Kusini, ambako kuna kituo kikubwa cha utafiti cha Marekani chenye joto, jiko na watu, lakini kwa masharti aliyojiwekea hakupaswa kupokea chochote, akaendelea mbele. Tarehe 22 Januari, baada ya siku za mwisho ambazo hakuweza kabisa kutoka hemani, alipiga simu kuomba ndege. Alikuwa amekwenda takriban kilomita 1,469, na zilibaki karibu 48. Alichukuliwa hadi kambi ya Union Glacier, hukohuko Antaktika, ambako ilionekana kwamba amechoka kupita kiasi na amepungukiwa maji mwilini, kisha akapelekwa Punta Arenas. Huko ndiko madaktari walikogundua kwamba ana maambukizi ya bakteria ndani ya fumbatio, yaani uwazi wa tumbo unaobeba matumbo. Walimpasua, lakini viungo vyake vilishindwa kimoja baada ya kingine, na tarehe 24 Januari akafariki akiwa na umri wa miaka 55.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Baridi haikumuua. Tumezoea kufikiri kwamba mtu wa barafu hufa kwa kuganda, na ni kweli kwamba baridi hukata vidole na pua, lakini mtu anayevuta mzigo mzito huku amevaa vizuri huzalisha joto jingi kiasi kwamba moja ya kazi zake za kila siku ni kujizuia asitoke jasho, kwa kuwa nguo iliyolowa ndiyo itakayomgandisha atakaposimama. Kilichomuua Worsley ni ugonjwa ambao huwapata watu wa Moshi, wa Mombasa na wa Bujumbura, na ambao hospitali yoyote yenye chumba cha upasuaji huupokea mara kwa mara.

Naomba nieleze ugonjwa wenyewe. Ndani ya fumbatio mna utando mwembamba, laini na wenye unyevu, unaozifunika kuta zake na kuyafunika matumbo yenyewe, ili yateleze bila kukwaruzana. Utando huo hauna uzoefu na vijidudu. Vijidudu vinakaa ndani ya utumbo, kwa mamilioni yasiyohesabika, na humo havitudhuru. Lakini pakitokea tundu, labda kidonda cha tumbo kimetoboka, au kidole tumbo kimeoza na kupasuka, au sehemu ya utumbo imekosa damu na kufa, vijidudu humwagika mahali visipostahili kuwa. Utando huwaka, maji ya mwili huvujia ndani ya fumbatio, shinikizo la damu hushuka, sumu huingia katika mzunguko wa damu, na figo, ini, mapafu na moyo huanza kulemewa. Tiba yake haina siri: maji ya mshipani, dawa kali za kuua bakteria, na kisu cha daktari wa upasuaji ili kuziba tundu na kusafisha. Lakini tiba hiyo ina saa yake. Mgonjwa aliyeletwa ndani ya saa chache na yule aliyeletwa siku ya tatu huandikwa jina moja la ugonjwa kwenye faili, ilhali kwa daktari anayewafungua ni wagonjwa wawili tofauti kabisa.

Sasa tuje kwenye chakula, maana hapa ndipo penye ufunguo wa jambo zima. Katika msimu wa 1992 na 1993 Waingereza wawili, Ranulph Fiennes na daktari Mike Stroud, walivuta sleji zao Antaktika kwa siku 95, na Stroud, akiwa mtaalamu wa lishe, aliipima miili yao njia nzima. Walikula takriban kilokalori 5,000 kwa siku, zaidi ya maradufu ya mahitaji ya mtu wa kawaida, lakini miili yao iliteketeza zaidi ya 7,000 kwa wastani, na katika siku ngumu za kupanda ilipita 10,000. Kila mmoja alipoteza zaidi ya kilo 20. Utauliza kwa nini wasibebe chakula zaidi. Kwa sababu chakula kina uzito, na uzito huo huvutwa na misuli inayokula chakula hichohicho. Hata ukichagua mafuta, siagi na chokoleti, ambavyo hubeba nguvu nyingi kwa uzito mdogo, bado unahitaji karibu kilo moja kwa kila siku ya safari, na safari ya siku themanini inakupa kilo themanini za chakula peke yake kabla hujapakia mafuta ya jiko, hema na nguo. Ukiongeza tena, sleji haisogei. Ndiyo maana msafiri wa aina hii hupanga tangu nyumbani kwamba atakufa njaa polepole, na hujinenepesha kabla ya kuondoka ili awe na akiba ya kuliwa.

Fanya hesabu ndogo pamoja na wanafunzi wako. Upungufu wa kilokalori 2,000 kwa siku, kwa siku 70, ni kilokalori 140,000. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hutoa takriban 7,700. Hiyo ni karibu kilo 18 za mafuta, na kwa kweli mwili hauchomi mafuta peke yake, hula pia misuli, tena hauchagui misuli ya miguu tu. Worsley alipungua zaidi ya kilo 20.

Mwili uliopungua hivyo hauwi tu mwembamba. Kinga yake hudhoofika, kwa kuwa askari wa mwili hujengwa kwa protini ileile inayoteketezwa kwa kuvuta mzigo. Vidonda huchelewa kupona. Utumbo nao, ambao hunyimwa sehemu ya damu kila misuli inapofanya kazi nzito, unaweza kupoteza uimara wa ukuta wake. Ongeza mwinuko: Ncha ya Kusini iko mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo kuliko kambi ya Mandara ambayo mdogo wako anaijua, na kwa sababu hewa ya kwenye ncha za dunia ina kanieneo ndogo, mtu huko hupumua kana kwamba yuko zaidi ya mita 3,000. Wageni wenu hulala Mandara usiku mmoja. Worsley aliishi katika mwinuko wa namna hiyo kwa wiki kadhaa, akivuta mzigo kutwa nzima.

Lakini hatari kubwa kuliko zote hizo, kwa maoni yangu, ni kwamba mwili wa namna hiyo huficha dalili zake. Homa inaweza isipande kama ilivyotarajiwa. Uchovu, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kuumwa tumbo, ambavyo kwako wewe vingekuwa ishara tosha ya kwenda hospitali, kwa msafiri wa siku ya sitini ni hali ya kila asubuhi. Dalili za ugonjwa huvaa nguo za uchovu. Na hata walio mbali wanaomsikiliza kwenye simu husikia sauti ya mtu aliyechoka, kama walivyotarajia kuisikia.

Hapo ndipo simu ya setilaiti inaposhindwa. Nakubali kwamba imeokoa wengi, na wasafiri wa leo huripoti kambini kila siku, kiasi kwamba wakikaa kimya hutafutwa. Lakini simu haipimi tumbo. Hupeleka tu kile ambacho mwenye kuishika ameamua kusema, na mtu aliyejifunza kwa miaka thelathini kunyamazisha maumivu huamua kuchelewa. Tena ndege ikiitwa si gari la wagonjwa: husubiri ukungu uondoke, hutua penye theluji yenye mawimbi magumu, hurudi kambini, na kutoka kambini mgonjwa husubiri ndege nyingine itakayomvusha bahari hadi Chile. Anayepiga simu anapaswa kuhesabu kwamba chumba cha upasuaji kiko siku moja au mbili mbele yake, hata mambo yakienda vizuri.

Kuna kisa kimoja ninachowasimulia madaktari vijana kila ninapofundisha habari ya fumbatio. Mwezi Aprili 1961, katika kituo cha Kisovieti cha Novolazarevskaya huko Antaktika, daktari pekee wa kituo, Leonid Rogozov, mwenye umri wa miaka 27, alianza kuumwa tumbo. Alijitambua kwamba ni kidole tumbo. Nje kulikuwa na tufani ya theluji, hakuna ndege wala meli ambayo ingemfikia kwa wakati. Usiku wa siku ya pili alijilaza nusu kuketi, akajidunga ganzi ukutani mwa tumbo, dereva wa kituo akamshikia kioo na taa, mtaalamu wa hali ya hewa akampa vifaa, na Rogozov akajipasua mwenyewe na kukitoa kidole tumbo. Ilimchukua karibu saa mbili, naye alirudi kazini baada ya wiki mbili hivi. Watu husifu ujasiri wa mkono wake, na unastahili sifa. Mimi humsifu zaidi kwa saa zilizotangulia, alipokubali kwamba ni mgonjwa, akaupa ugonjwa jina lake, akawaambia wenzake. Hadi leo Australia huwataka madaktari wake wanaokwenda kukaa Antaktika majira ya baridi waondolewe kidole tumbo kabla ya kuondoka, kwa sababu daktari akiugua hakuna wa kumtibu.

Mdogo wako anamsifu Worsley kwa kuvumilia maumivu. Sitaki umvunjie heshima marehemu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na hodari, na alipiga simu mwenyewe, akitambua kwamba hana nguvu tena hata ya kutelezesha skii, yaani ubao mwembamba unaovaliwa mguuni kutelezea theluji, moja mbele ya nyingine. Lakini mwambie asome habari za shujaa wa shujaa wake. Tarehe 9 Januari 1909 Shackleton alikuwa amebakiza takriban kilomita 180 kufika Ncha ya Kusini, mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kukanyaga. Angeweza kufika. Alijua pia kwamba chakula kisingewatosha yeye na wenzake watatu kurudi, akageuka, na baadaye akamwambia mkewe kwamba alidhani angependelea punda hai kuliko simba mfu. Ni maneno ya ukoo mmoja na yale ya Mhubiri, kwamba mbwa aliye hai ni bora kuliko simba aliyekufa, na wazee wetu wangeyaelewa bila tafsiri.

Na si watu wa kale tu. Mwaka 2017 Ben Saunders, rafiki wa Worsley, alijaribu kulivuka bara hilo peke yake, akafika Ncha ya Kusini mwezi Desemba, akahesabu chakula chake, akaona kwamba hakimwachii nafasi ya kosa hata moja, akaishia hapo. Mwezi Januari 2023 Preet Chandi, mwanamke ofisa wa jeshi la Uingereza, alitembea peke yake siku 70 na kilomita 1,485, karibu sawasawa na Worsley kwa siku na kwa umbali. Hakuweza kumaliza kuvuka, akaipanda ndege akarudi nyumbani, na hata hivyo safari yake iliandikwa kuwa ndefu kuliko nyingine yoyote ya mtu mmoja wa kike au wa kiume bila msaada na bila kuletewa chakula kufikia wakati huo.

Je, umkataze kwenda? Nisingekushauri hivyo. Kijana anayepanda Kilimanjaro kwa kazi ana mapafu, miguu na utulivu ambao wengi wanaolipia safari za Antaktika hawana, na ndoto yake si ya kuchekwa. Lakini mlima haumfundishi kila kitu. Hajawahi kuyeyusha theluji ili apate kila tone la maji ya kunywa, wala kufunga hema katika upepo ambao ukilinyakua amekufa, wala kukaa mwezi mzima bila kusikia sauti ya mtu mwingine. Wanaoijua kazi hii huanza mbali na Antaktika: kwenye uwanda wa juu wa Finse nchini Norwei, ambako Shackleton mwenyewe alijaribia vifaa vyake, kisha kuvuka Greenland pamoja na kundi lenye kiongozi. Wapo pia wanaopelekwa kwa ndege hadi nyuzi 89 za latitudo na kutembea kilomita 111 za mwisho hadi Ncha, wakiwa na kiongozi. Kipande hicho si kifupi, ila kinamruhusu mtu kujifunza akiwa bado na mwili mzima. Gharama yake ni kubwa mno kwa mshahara wa mwongozaji, nami sioni kwamba ni haki kumficha hilo. Atahitaji wafadhili, na wafadhili makini watataka kuona cheti cha daktari.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye tumbo lake, ambalo kwangu ni jambo la dharura kuliko Antaktika yote. Maumivu ya tumbo ya siku mbili yaliyofunikwa kwa vidonge hayajaisha kwa kuwa yametulia. Dawa nyingi za maumivu zinazouzwa bila cheti, kama ibuprofeni na diklofenaki, huudhoofisha ule ute unaokinga ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali yake yenyewe, na zikimezwa mara kwa mara, hasa pasipo chakula, zinaweza kuanzisha kidonda, kukifanya kivuje damu, hata kukitoboa. Kwa maneno mengine, inawezekana kabisa kwamba dawa aliyoimeza ili afike kileleni ndiyo inayomwandalia ugonjwa. Sisemi kwamba ana kidonda, sijamgusa tumbo. Nasema kwamba ni lazima aguswe.

Aende akapimwe wiki hii, kabla ya kupandisha wageni tena. Daktari atamuuliza maumivu huja saa ngapi na yanahusianaje na chakula, atampima kama ana bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo, na akiona haja atamwelekeza apigwe picha au achunguzwe tumbo kwa mpira wenye kamera. Vidonda vingi hupona kabisa kwa dawa zilizopo nchini. Lakini iwapo maumivu yatamrudia ghafla na kwa ukali, yakazidi anapokohoa au kutembea, tumbo likawa gumu kama ubao, akatapika mfululizo au akatapika kitu kama machicha ya kahawa, akapata choo cheusi kama lami, au akashikwa na baridi na jasho jembamba, asisubiri kukuche na asimeze kidonge kingine. Akiwa mlimani, ashushwe usiku huohuo, na wageni wakabidhiwe mwenzake. Akiwa nyumbani, mpeleke wewe mwenyewe kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, wala usianzie duka la dawa.

Anaweza kukwambia kwamba sasa haumwi. Mkubalie, kisha mwombe aende hivyohivyo akiwa haumwi, na abebe pakiti za vidonge vyote alivyomeza mlimani, hata zilizo tupu, ili daktari azisome majina.